Ufunguo Ukifa, Mali ni ya Nani?

Katika biashara ya programu za kompyuta kuna wizi wa namna mbili, nasi tumezoea kuuona mmoja tu. Wa kwanza ni wa yule kijana anayenakili programu ya watu bila kuilipia hata senti, kisha akaiuza kwenye flashi kwa bei ya sahani ya pilau. Huo unajulikana, umetungiwa sheria, na wanaoutenda hujificha. Wa pili ni wa muuzaji anayepokea fedha zako zote, akakupa risiti yenye muhuri, kisha baada ya miaka kumi na tatu akakwambia kwamba ulichonunua hakitafunguka tena, kwa kuwa kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole gumba kimekufa na kingine hakitengenezwi. Huo wa pili haujifichi. Hufanywa mchana, kwa lugha ya adabu, na anayeufanya huvaa tai. Wapo watakaosema natumia neno kali. Nawaomba wasome kwanza, kisha waamue wenyewe neno jingine lipi linafaa.

Tuelewane kwanza juu ya hicho kipande cha plastiki. Wauzaji hukiita dongoli. Ofisini kwangu tumekiita ufunguo siku zote, nami nitaliendeleza jina hilo. Zamani kilichomekwa katika tundu la printa, na waya wa printa ukachomekwa mgongoni mwake. Siku hizi huingia katika tundu la USB, na asiyejua hukidhania kuwa ni flashi. Ndani yake mmefichwa siri ndogo. Programu ikifunguliwa, na tena mara kwa mara wakati inatumika, huutupia ufunguo swali. Ufunguo hupiga hesabu yake ukatoa jibu. Jibu likiwa sawa kazi inaendelea. Lisipokuja, programu hujifunga papo hapo, hata kama umebakiza mstari mmoja. Ni sawa na mlinzi wa geti anayemdai mwenye nyumba neno la siri kila anapotoka chooni.

Jambo hili si la jana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 programu ya kuandikia iliyoitwa WordCraft, ya kompyuta za Commodore PET, ilikuwa na ufunguo wa namna hiyo. Baadaye zikazuka kampuni ambazo kazi yao ilikuwa ni kuwatengenezea wengine funguo: Rainbow ya Marekani na ufunguo wake Sentinel, Aladdin ya Israeli na HASP yake, Wibu ya Ujerumani. Programu zinazofungwa hivyo si zile za kila mtu. Ni programu za bei kubwa, za watu wachache: wasanifu wa majengo, wapima ardhi, wenye mashine za kudarizi nembo za sare, mafundi wa vipimo vya magari, maabara za hospitali. Mwenye kuandika barua ya maombi ya kazi hatakutana na ufunguo maisha yake yote. Anayekutana nao ni yule anayekula kwa kompyuta yake.

Kuna kisa kimoja cha zamani ambacho kila mteja wa Afrika angepaswa kukijua. Kampuni ya Autodesk, wenye programu ya kuchorea iitwayo AutoCAD, waliweka ufunguo katikati ya miaka ya 1980. Wateja wa Marekani walipiga kelele: wakaandika barua, wakalalamika magazetini. Mwaka 1986 kampuni ikauondoa ufunguo kwa wateja wa kwao. Kwa wateja wa nje ya Amerika ya Kaskazini haikuuondoa. Waliendelea kuuchomeka kwa miaka mingi baadaye, bidhaa ile ile, bei haikupungua. Kwa hiyo anaponijia muuzaji na kuniambia kwamba ufunguo ni lazima ya kiufundi, namjibu kuwa haikuwa lazima hata siku moja. Ilitegemea nani analalamika na sauti yake inafika wapi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanikera mimi, mtu wa Zinga, ambako watu wengi wanahangaika na minazi na samaki wala hawana habari ya dongoli.

Mimi ni mpima ardhi. Ofisi yangu ni chumba kimoja karibu na barabara ya Bagamoyo. Anayeijua Zinga ya miaka ya 1990 anaikumbuka kuwa ni mikorosho, minazi, mashamba ya mihogo na watu wachache. Kisha zikaja habari za eneo maalumu la uwekezaji, na za bandari kubwa pale Mbegani. Mwaka 2013 mkataba wa awali ulitiwa saini wakati Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea nchi yetu. Oktoba 2015 likawekwa jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti ya mradi. Bandari ilisimama. Bei ya ardhi haikusimama. Watu kutoka Dar es Salaam walikuwa wamekwisha fika, kupitia Bunju, Mapinga na Kerege, kila mmoja na kipande chake cha karatasi, na jiwe la mpaka ambalo zamani mtu angelitumia kunolea panga likawa na thamani kuliko ng'ombe. Mahali kama hapa, kodineti za jiwe moja, yaani zile tarakimu zinazosema jiwe lilikaa wapi hasa juu ya uso wa dunia, ndizo zinazotenganisha ndugu na kesi.

Programu yangu ya kupigia hesabu za vipimo niliinunua mwaka 2006, pamoja na mashine ya kupimia. Niliilipia yote, si kwa mkopo wala kwa kuazima. Ilikuja na ufunguo wa USB. Mwaka 2011 nilipima shamba la familia moja, kati ya Zinga na Mlingotini. Baba yao alikuwa amefariki, warithi walikuwa saba, na Bibi, mama wa wale watoto, alitaka kila mmoja aone sehemu yake kwa macho kabla yeye hajamfuata mzee. Tuliweka mawe. Mchoro uliochapwa ulionyesha umbo la shamba na sehemu za warithi. Hesabu zilizouzaa ule mchoro, na kodineti za kila jiwe, zilikuwa ndani ya faili la programu, nami nililihifadhi katika nakala tatu mahali patatu mbalimbali. Kazi ilikuwa haijapelekwa wizarani kuidhinishwa, maana warithi walikuwa bado wanachangishana ada.

Katika masika ya mwaka 2019 ufunguo ukafa. Aliye jirani na bahari haulizi kwa nini. Chumvi ya hewani hula hata bawaba za mlango, na umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Nilipiga simu kwa wakala aliyeniuzia, nikapokewa na kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ufunguo wangu umekufa, nataka kuuleta unibadilishie."

"Mzee wangu, ufunguo wa aina hiyo hautengenezwi tena. Hata toleo lenyewe limeshafungwa. Nikuandalie proforma ya toleo jipya?"

"Sitaki jipya. Nataka lile nililolipia."

"Nakuelewa kabisa, mzee. Ila mfumo ndivyo ulivyo."

Bei ya toleo jipya ingenunua pikipiki tatu. Na nilipouliza kama toleo hilo jipya litayafungua mafaili ya zamani, alisema ataniulizia. Simlaumu kijana, aliyemtuma ndiye mwenye maneno. Lakini zingatia alichokisema. Hakukana kwamba nililipa, wala hakusema nimevunja sharti lolote. Alisema tu kwamba mali yangu imefungwa, kitasa ni chake, naye ameacha kutengeneza funguo.

Haukupita mwezi, Bibi akafika ofisini akiongozana na mjukuu. Mmoja wa wanawe alikuwa ameuza sehemu yake, mnunuzi amejenga uzio, na jiwe la kona halionekani. "Mwanangu," akasema, "nimekuja unionyeshe jiwe letu lilikokuwa. Si uliliandika?" Nililiandika, Bibi. Nakala zote tatu zipo, hazikuungua wala hazikuliwa na mchwa. Ila hazifunguki. Hebu wewe msomaji umweleze mama wa miaka themanini maneno hayo, kisha uone atakutazamaje.

Nilikwenda kupima upya, siku mbili, kwa gharama yangu, nikianzia mawe machache yaliyosalia na mwembe mmoja. Mstari wa uzio ulipatikana, na wale ndugu hawakupelekana mahakamani. Lakini kama mawe matatu badala ya moja yangekuwa yameng'olewa, sijui ningeanzia wapi, na nyumba ile leo ingekuwa imegawanyika kwa sababu ya plastiki.

Hapo ndipo linapoingia jambo la emuleta, yaani programu inayojifanya ufunguo. Habari zake hupatikana kwa mafundi wa Kariakoo na kwa kila kijana mwenye intaneti. Aliyeitengeneza amesoma yaliyomo ndani ya ufunguo wa kweli, akayaweka katika faili, akaandika draiva inayokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta. Programu ikiuliza, draiva inajibu kana kwamba plastiki ipo. Programu haijui tofauti, na kwa kweli haina haja ya kuijua.

Matumizi yake ya halali ni mengi kuliko wauzaji wanavyotaka kukiri. Upo ufunguo uliokufa kama wangu. Upo ufunguo mzima wa tundu la printa, lakini kompyuta zenye tundu hilo hazipatikani tena dukani. Yupo fundi ambaye programu yake imefungwa na kampuni iliyofilisika au iliyomezwa na nyingine, na mmeza hataki kusikia habari za wateja wa zamani. Yapo makumbusho na nyaraka zinazotaka kufungua kazi za miaka thelathini iliyopita. Wote hao wamelipa. Wote hao wanataka kuingia katika nyumba yao wenyewe.

Mimi niliikataa nilipoletewa, na sababu yangu haikuwa hofu ya polisi. Nilimuuliza yule fundi imetoka wapi. Akasema kwa Mrusi mmoja. Mrusi gani? Hajui. Kisha akanieleza masharti ya kuiweka: kwanza nizime programu ya kukinga virusi, kwa kuwa itapiga kelele, pili niiruhusu Windows ipokee draiva isiyo na saini. Windows za biti 64, tangu toleo la Vista la mwaka 2007, hukataa draiva ambayo haikutiwa saini na mtengenezaji anayejulikana, na wenye emuleta hulizunguka katazo hilo kwa kuiweka kompyuta katika hali ya majaribio. Ukiona maneno ya kujulisha hali hiyo kwenye kona ya skrini, ujue kitasa kimeng'olewa. Draiva hukaa mahali penye mamlaka yote. Inaweza kusoma kila faili, kila neno la siri unaloliandika, kila barua ya benki. Kumkaribisha mtu usiyemjua mahali hapo, tena baada ya kumfukuza mlinzi kwa mkono wako, ni kama kumpa mpita njia funguo za chumba cha kulala eti kwa sababu amekusaidia kufungua jiko.

Mwenzangu mmoja katika kazi hii, ambaye naye alikuwa ameinunua programu yake kwa fedha halali, aliikubali. Emuleta ilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, akanicheka. Kisha asubuhi moja mafaili yake yote yakawa yamefungwa, ya vipimo, ya barua na picha za harusi ya binti yake, na kwenye skrini pana ujumbe wa kudai fedha. Siwezi kuapa kwamba mlango aliopitia mwizi ulikuwa ni ule wa draiva. Lakini kinga ya kompyuta ile ilikuwa imezimwa kwa agizo la aliyemletea emuleta, na agizo hilo lilikuwa limefuatwa siku zote hizo. Basi tazama hesabu ilivyotoka: mimi niliyekataa nilipoteza faili langu, na yeye aliyekubali alipoteza ya kwake. Aliyetufikisha hapo hakupoteza kitu. Tena alituandikia proforma sote wawili.

Wauzaji hupenda kuyataja madhara haya ya emuleta, na wanasema kweli. Ila wangetaja na ya kwao. Januari 2018 wachunguzi wa kampuni ya Kaspersky walitangaza kwamba wamekuta makosa 14 ya usalama katika programu inayouendesha ufunguo halali wa HASP, ufunguo uliotapakaa viwandani na maofisini duniani kote. Ukiuchomeka mara ya kwanza, mfumo uliweka programu yake, ukafungua mlango wa mtandao wenye namba 1947, ukauandikisha katika orodha ya milango inayoruhusiwa bila kumwambia mwenye kompyuta; na ukiuchomoa, mlango ulibaki wazi. Makosa hayo yalirekebishwa baadaye kwa wale waliopata matoleo mapya. Lakini mwenye ufunguo mzee, asiyepewa toleo jipya, anabaki na nini? Na yule anayelazimika kuitunza kompyuta ya Windows XP kwa sababu ufunguo wake haukubali kitu kingine, wakati Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014? Huyo anaishi katika hatari aliyowekewa na sharti la muuzaji, na hakuna mtu anayemwita muuzaji huyo mhalifu wa mtandao.

Nawajua watakaonijibu, na hoja yao moja ni nzito kweli. Watasema: wewe unalinganisha na ufunguo wa gari, lakini gari haliwi mawili kwa kuchonga ufunguo wa pili, programu huwa. Nikikupa ufunguo wa pili kwa neno lako tu kwamba wa kwanza umekufa, kesho zitakuwapo ofisi mbili zinazotumia leseni moja. Ni kweli, na wapo wapima ardhi, ninawajua, ambao wangefanya hivyo kabla jua halijazama. Ndiyo maana mimi sikuomba ufunguo wa pili. Nilikuwa tayari kuupeleka ule mfu kwa mkono wangu, uvunjwe kwa nyundo mbele yangu, nilipie gharama ya mpya na ya usafirishaji. Hoja ya leseni mbili haipo hapo. Na pale ambapo muuzaji ameamua kuifunga bidhaa, asiiuze tena wala asiihudumie, hofu ya kuibiwa soko imetoka wapi? Soko gani? Amelifunga mwenyewe. Kinachobaki hapo si ulinzi wa hakimiliki. Ni kumsukuma mteja wa zamani kwenye kaunta ya kununulia kipya, kama mchuuzi anayemwaga maji ya mtungi wako ili akuuzie ya kwake.

Ajabu ni kwamba mwizi hakutani na hayo. Aliyechukua nakala iliyovunjwa ufunguo tangu siku ya kwanza hana plastiki ya kuoza, hapigi simu kwa wakala, haambiwi kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Ufunguo humtesa aliyelipa peke yake.

Wamarekani, ambao sheria yao ya mwaka 1998 ya kulinda hakimiliki katika kompyuta ni kali kuliko nyingi, waliliona tatizo hili mapema. Sheria hiyo inampa Mkuu wa Maktaba ya Bunge lao mamlaka ya kutoa misamaha kila baada ya miaka mitatu. Katika misamaha ya mwaka 2003, 2006 na 2010 ziliandikwa bayana programu zinazolindwa kwa dongoli ambalo limeharibika na limepitwa na wakati. Na likaelezwa kupitwa na wakati ni nini: ufunguo hautengenezwi tena, au mwingine wa badala, au matengenezo yake, hayapatikani sokoni kwa njia ya kawaida. Katika orodha ya mwaka 2012 msamaha huo haukuwamo, na naona hilo ni kosa lao. Ulaya nako, tarehe 6 Oktoba 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi iliyotoka Ubelgiji kwamba aliyenunua programu kwa halali anaweza kuifumua ndani ili kurekebisha kosa linaloizuia kufanya kazi. Majaji wale hawakuwa watetezi wa wezi. Walielewa tu kwamba kununua kuna maana.

Kwetu tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayozilinda programu za kompyuta, na ni haki zilindwe. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza mtu kuwa na kifaa, ikiwemo programu, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa, na hilo nalo ni jema. Katika hizo mbili hamna mstari uliotamka habari za ufunguo uliokufa mkononi mwa mwenye risiti. Mstari usipokuwapo, mnyonge huogopa na mjanja hufanya. Mpima ardhi mwaminifu anaacha faili la mirathi ya watu life, na fundi wa Kariakoo anaendelea kuuza emuleta kwa kila mpita njia. Sheria inayomtisha mwaminifu peke yake imekosea shabaha.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, maana nawaona wengine wanatikisa vichwa kwa furaha wakidhani nimewahalalishia. La hasha. Wewe ambaye hukununua, huna ufunguo uliokufa, huna ufunguo. Emuleta mikononi mwako ni bisibisi ya mvunja nyumba. Usiniambie kwamba wenye mali ni Wazungu na hawatafilisika. Wapo vijana wa Dar es Salaam na Arusha wanaokesha wakiandika programu za hesabu za maduka, za saccos, za shule, na wanauliwa na mkono huo huo unaosema hivyo. Wanamuziki wetu walilia miaka mingi juu ya kanda zao kunakiliwa, tukawaonea huruma huku tumezishika zile kanda. Wala usiniambie habari ya umaskini, angalau katika kazi yangu. QGIS, programu ya ramani iliyoanzishwa mwaka 2002, ni ya bure kabisa, haina ufunguo, na kijana aliyetoka chuoni anaweza kufanyia nayo kazi nyingi za kila siku. Tatizo ni kwamba anaona fahari kutumia ile ya bei kubwa aliyoiiba kuliko ile ya halali aliyopewa.

Ninachodai ni kidogo, na ningependa COSOTA na wabunge wetu wakipime. Iandikwe kwamba mwenye leseni halali, ambaye ufunguo wake umeharibika na muuzaji hawezi au hataki kuubadilisha kwa bei ya haki katika muda uliotajwa, ana ruhusa ya kutumia njia nyingine kuifungua programu hiyo hiyo, katika kompyuta moja, kwa kazi yake. Iandikwe pia kwamba fundi anayemsaidia mtu huyo hatendi kosa, ili msaada utolewe mchana, na fundi mwenye duka na jina lake mlangoni, badala ya faili la Mrusi asiyejulikana. Hatari nyingi nilizozitaja za emuleta zinatokana na kufanyika gizani. Anayetoa risiti hawezi kukwambia uzime kinga.

Na ofisi za umma, halmashauri, vyuo na hospitali, zinapotangaza zabuni ya programu ya namna hii, ziulize kabla ya kulipa: siku mtakapoifunga bidhaa hii, mtatupa toleo la mwisho lisilo na ufunguo? Mafaili yake yanaweza kutolewa katika maandishi ya kawaida ambayo kompyuta yoyote itayasoma? Kodineti ni tarakimu mbili tatu tu kwa kila jiwe. Hakuna sababu ya kiufundi ya kuzifungia ndani ya kufuli la mtu. Ofisi ya umma ikifungiwa nje ya mafaili yake, anayefungiwa ni mwananchi, naye hata hajui kwamba kulikuwa na ufunguo.

Muuzaji anayeona masharti haya ni mazito anayo njia moja ya uaminifu. Aache kuandika "ameuziwa" kwenye risiti zake. Aandike "amekodishwa", ataje na tarehe ya mwisho, na bei iwe ya kodi.